Santuri Aliyoikwangua Mjomba Toyo

Mjomba wangu Toyo aliipenda santuri moja mpaka akaiua. Msidhani natia chumvi. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilicheka kuliko wote, kwa hiyo dhambi hii tumegawana.

Jina lake kamili ni Eustorgio Cantillo, kaka wa mama yangu, fundi viatu wa mtaa wa Rebolo, Barranquilla. Jumatatu hadi Jumamosi alishona viatu. Jumapili mchana alikuwa mwenye Ngurumo, na Ngurumo lilikuwa picó lake, mtambo wa muziki wa kuchezesha mtaa: spika ndefu kupita mlango, zimepakwa rangi za kuumiza macho, mbele kachorwa simba anayecheka, radi mkononi. Likiwashwa uani kwetu, nyumba ya tatu hawasikilizani. Lakini kelele ilikuwa kitu cha bure, kila mtu alikuwa nayo. Sisi tulichouliza ni kimoja tu: picó lako lina wimbo gani ambao wenzako hawana?

Ndiyo maana wenye mapicó walikwangua lebo. Ukipata santuri nzuri unachukua wembe, unakwangua karatasi ya katikati mpaka jina la mwimbaji na la wimbo yanapotea, kisha unachoma jalada. Mshindani wako aje achungulie mpaka macho yamtoke, ataona karatasi nyeupe. Hata mke hakuambiwa.

Mwaka 1974 mjomba alipata albamu ya kwanza ya binti aitwaye Elvia Rosa Altahona. Nyimbo nane, kutoka studio ndogo iliyofungwa kabla mwaka haujaisha. Aliiweka kwenye mashine karakanani, mdomo umejaa misumari ya viatu, na ulipoanza wimbo wa kwanza wa upande wa pili akaitema misumari yote kiganjani. Sauti ilikuwa nyembamba, ina mkwaruzo kidogo, na kabla ya kila kiitikio binti alivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kuinua ndoo iliyojaa. Mjomba aliirudia ile pumzi mara sita. Aliniambia utamu wote uko pale, kabla hajaimba.

Mtu mwingine angemsifia binti kwa majirani. Yeye akatafuta wembe. Tena akawapitia wauza santuri wote wa mjini, akapanda basi hadi Cartagena, akanunua kila nakala aliyoiona, akarudi akazivunja moja moja kwa nyundo ya viatu. Mama akamuuliza hayo ni mapenzi gani.

"Dada, akipigwa kila mahali, atakuwa wa kila mtu," akajibu.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawakumjua mjomba wangu.

Siku wimbo ule ulipopigwa mara ya kwanza, mama mmoja alikuwa anakaanga samaki langoni, basi watu wakaubatiza Samaki wa Kukaanga. Rebolo ikapagawa. Walioutaka dukani waliuliza Samaki wa Kukaanga, na muuzaji akabaki kuwatazama tu, maana santuri ya jina hilo haikuwepo duniani. Albamu ya Elvia Rosa ikadoda. Hakurekodi nyingine.

Jumapili ya kanivali, miaka miwili baadaye, uani kwetu hapakuwa na pa kutia mguu. Wimbo ule ulikuwa unaanza, akaingia mama mmoja, dobi aliyekuwa akiishi ng'ambo ya korongo la maji ya mvua. Tulimjua kwa sura, jina hatukuwahi kumuuliza. Vidole vyake vilikuwa vimebambuka kwa sabuni. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mashine.

"Don Toyo, anayeimba hapo ni mimi."

Ukutani alikuwa ameegemea Chelo Pertuz, mwenye picó la mtaa wa pili, masikio yamemsimama. Mjomba alimwona. Akamruka yule mama futi mia.

"Mama, umekunywa nini? Mwimbaji huyu ni wa kisiwa cha Kurasao, na alishakufa."

Ua zima likacheka. Nami, kimbelembele wa kuzaliwa, nikapaza sauti: "Jamani, mpisheni marehemu apite!"

Yule mama alifanya jambo moja tu: alivuta pumzi. Nilikuwa nimesimama karibu, niliisikia, na mjomba aliisikia pia. Ilikuwa ile ile, ya ndoo. Nikamwona mjomba anabadilika rangi. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha sauti, akaongeza mpaka mwisho.

Yule mama aliimba. Aliimba ubeti mzima, mishipa ya shingo imemsimama, mdomo unafunguka na kufungika, na sisi hatukusikia hata neno. Alipomaliza akajifuta mikono kwenye gauni, akaondoka. Tangu siku hiyo Rebolo yote ilimwita Marehemu. "Marehemu, shuka zangu ziko tayari?" Aliitika jina hilo miaka sita, akiwa na kikapu kichwani, hadi alipokufa kweli kwa homa ya mapafu. Nililianzisha mimi.

Baada ya mazishi mjomba hakuupiga tena wimbo ule. Lakini ulianza kumfuata. Mchana kweupe, yuko kwenye cherehani, ghafla anasimamisha mguu. "Yomaira, umesikia hiyo pumzi?" Namwambia sijasikia kitu, mjomba, endelea na kazi. Nilikuwa namdanganya. Niliisikia karakanani, niliisikia jikoni maji yakichemka, na hata siku ya harusi yangu, padri aliponyamaza, niliisikia nyuma ya shingo. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa.

Kanivali ya mwaka juzi mjomba alikuwa na miaka sabini na saba. Akasema hataki kwenda kaburini na jina la mtu mdomoni. Tukalitoa Ngurumo uani, tukalifuta vumbi, watu wakajaa. Akaweka santuri. Kabla ya kiitikio akainua sindano, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Aliyeimba ni Elvia Rosa Altahona. Yule dobi wa ng'ambo. Nilijua, na nilimkana."

Kisha Chelo Pertuz, ambaye sasa hutembelea mkongojo, akacheka mpaka akakohoa.

"Toyo, uzee umekupanda kichwani. Mwimbaji ni wa Kurasao, alishakufa. Ulituambia mwenyewe. Haya, tuonyeshe lebo."

Mjomba akaiinua santuri juu. Karatasi nyeupe. Nikamnyang'anya kipaza sauti, nikaapa kwa marehemu mama yangu kwamba nilikuwepo, kwamba ni kweli. Wakanipigia makofi ya kumbembeleza mtoto, halafu wakaanza kuimba kwa pamoja: Samaki! Samaki! Mjomba akarudisha sindano, lakini akapunguza sauti, ili japo mara moja ile pumzi isikike. Watu wakazomea, ongeza, ongeza! Yeye akakataa, machozi yanamtiririka, mkono umefunika kitufe. Nikaona aibu. Nikautoa mkono wake taratibu, nikaongeza mimi.

Alifariki Agosti ya mwaka huo huo. Santuri iko kwangu. Nimeandika katikati yake, kwa wino mweusi na herufi kubwa, ELVIA ROSA ALTAHONA. Vijana wanaokusanya nyimbo za zamani huja kuiona, na kwa kuwa wenye santuri huku huziandika majina yao wenyewe, wakishaisoma hunigeukia kwa adabu na kuuliza: "Sasa, doña Elvia, huyu mwimbaji alikuwa nani?"