Boga Alivyoning'inia Kichwa Chini

Boga alikuwa muuza kuku wa Kombani, mtu wa kicheko kikubwa. Kila asubuhi alizunguka vijiji vya Tiwi akinunua kuku, akawafunga miguu kwa kamba na kuwatundika kwenye baiskeli, vichwa chini, mpaka ungedhani baiskeli yenyewe imeota manyoya. Kisha alipanda nao mlima hadi Kwale.

Ukimwuliza, majibu alikuwa nayo. Kuku akiwa kichwa chini hutulia. Damu ikimshukia, hupata usingizi. Tena kuku hajui juu wala chini.

"Uliwauliza lini?" dada yake Mbeyu, aliyeuza mahamri kando ya barabara, alimwambia siku moja. Boga akacheka, akachukua hamri, akaenda zake.

Wiki ya sherehe za uhuru, Kombani ilipagawa kwa furaha. Watu waliimba wakichota maji, waliimba wakipima unga, na hata walionuniana miaka walisalimiana mara mbili mbili. Boga, ambaye hakuweza kuona shughuli asijitie ndani, alipanda mkorosho ulio mbele ya duka la Abdurahman ili afunge makuti ya pambo. Tawi likakatika. Kamba ya kufungia makuti ikamnasa kifundo cha mguu, naye akabaki ananing'inia, kikoi kimemfunika uso. Bahati alikuwa na kaptura ndani.

"Niteremsheni," alisema kutoka ndani ya kikoi.

Abdurahman alikimbilia ngazi. Mbeyu alikuja na unga mikononi, akachutama, akakifunua kikoi.

"Pole, ndugu yangu. Umetulia?"

"Mbeyu, kichwa chanipasuka."

"Hiyo ni damu inashuka. Sasa hivi utapata usingizi."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Boga naye alianza kucheka, lakini kicheko cha kichwa chini kinabana kifua, kikageuka kikohozi. Akaogopa hasa. Pale ukutani ilipoegemezwa baiskeli yake, kuku mmoja mweupe alikuwa amefungua mdomo, anahema kama yeye. Wakatazamana.

Alipoteremshwa, alikaa mchangani mpaka dunia ikatulia, kisha akawafungua kuku wote. Siku hiyohiyo akaanza kusuka tenga la kuwabebea.

Wauzaji wenzake walimcheka. "Hata ukiwabeba kama maharusi, si watachinjwa?" mmoja alimwuliza.

"Watachinjwa, na tutakula," Boga alijibu. "Lakini kuwatundika njiani hakukuwa na haja. Ulikuwa uvivu wangu wa kusuka tenga, nikausingizia usingizi wao."

Tenga lilichukua kuku wachache, na baiskeli iliyumba hata ikambidi aisukume mlima mzima. Siku ya sherehe aliingia Kwale hivyo, anatoka jasho na kuimba, kuku wamechomoza vichwa wakiutazama umati na kupiga kelele kuishinda ngoma. Karibu na jukwaa, mmoja akataga. Bi Jumwa, aliyekuwa ameshamnunua kuku huyo, akasema yai ni lake.

"Wewe, mama, umenunua kuku," Boga alisema. "Yai limezaliwa baada ya uhuru. Halina mwenyewe."

Wakalishika wote wawili, wanabishana na kucheka, mpaka likawapasukia viganjani. Wakajipangusa kwenye majani, wakaingia ngomani.