Jirani Aliyesema Ni Rubani

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilimkalisha mzee mmoja kwenye kiti changu cha urubani, nikamtazama akiangusha ndege mara tatu. Mpaka leo roho yangu imetulia.

Kiti chenyewe ni cha kurushia ndege za kompyuta, kiko sebuleni kwangu, hapa Mombasa: skrini tatu, usukani na makanyagio mawili, vyote vya mtumba. Kila Ijumaa mchana huwa natua Kismayu na ndege kubwa ya abiria, na kompyuta naiamuru ivumishe kusi kali. Upepo huo hutoka baharini, unaipiga ndege ubavu wa kushoto. Lazima uje pua umeielekeza kwenye upepo, ndege ikienda upandeupande kama kaa, na ukikaribia kugusa lami ndipo ukanyage kwa mguu wa kulia kuinyoosha.

Mtaa wetu wa utotoni ulikuwa chini ya njia hiyo ya kutua. Ndege zikipita, vikombe vililia kabatini. Bibi yangu, mzaliwa wa kisiwa cha Chovae, alioka muufo, mkate wetu wa mahindi, asubuhi, mimi namkunia nazi. Jirani yetu alikuwa mpakuzi wa mizigo uwanjani, lakini sisi watoto alituambia anaendesha ndege. Siku nilipomwomba anipeleke nikaone, alicheka mbele za watu: "Nyinyi wa visiwani mtaota mapezi kabla ya mabawa." Nililia. Bibi akampelekea muufo wake kama kawaida.

Vita vilipotufikia tulikimbia kwa boti, na bibi akamwachia jirani ufunguo wa nyumba. Miaka baadaye, tukiwa kambini Kenya, alimtuma mtu akaulizie. Jibu likaja: "Siwajui. Nyumba ni yangu." Bibi hakupiga kelele. Alisema tu, kwa Kibajuni chake, "Mchu yule nlimpa ufunguo kwa mkono wangu," na akalirudia neno hilo mpaka alipofariki.

Sasa jirani huyo akaja Mombasa harusini, na watu wakamleta kwangu kwa kuwa, walisema, zamani alikuwa rubani. Hakunitambua. Mimi nilimjua kwa kicheko. Nikampa kahawa na halua, kisha nikampa usukani.

Mara ya kwanza alizama baharini. Ya pili akatumbukia vichakani. Wageni walianza kutazamana.

"Upepo umezidi," alisema, akijipangusa jasho.

"Ndio upepo wa kwetu, babu. Hebu tena."

Baada ya ajali ya tatu aliomba kuinuka. Nikakaa mimi. Ndege ilipokuwa juu ya mji nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Hapa chini ndipo ilipokuwa nyumba ya bibi yangu, Mbajuni wa Chovae. Ufunguo alikukabidhi wewe."

Nikapunguza moto wa injini, nikainua pua kidogo, nikakanyaga kwa mguu wa kulia. Matairi ya kushoto yakagusa kwanza, kisha ya kulia. Hakuna aliyepiga makofi.

"Mwanangu," alisema, "yale yalikuwa mambo ya vita. Nisamehe."

"Mwenye kusamehe amezikwa kambini. Mlango ule pale."

Akatoka, na kahawa hakuimaliza. Baadhi ya jamaa wananilaumu kwamba nimemdhalilisha mtu mzima. Na waseme.

Ila kuna jambo moja. Mtaa wetu haumo kwenye kompyuta. Umepakwa rangi ya mchanga, ukapandwa miti ambayo haikuwepo. Kila nikipita juu yake nakisia: hapa msikiti, pale kisima, hapa sisi. Huenda nakosea kila wiki. Wazee wote waliokaa pale wamekwisha, amebaki jirani yule peke yake wa kunionyesha. Nami simuulizi.