Firigisi ya Kuku wa Domitille

Domitille anapika katika nyumba ya wageni ya masista hapa Bunia, mwaka wa kumi na nane sasa, na hapendi kufundishwa kupika. Nalisema hilo mapema kwa sababu mimi, Mama Lionel, ni jirani yake hapa mtaa wa Mbunya, na nimewahi kujaribu. Siku moja nilimwambia sombe yake, yale majani ya muhogo, imepungukiwa chumvi. Alininunia siku tatu, na ya nne akaniletea bakuli la sombe lenye chumvi ya kutosha ng'ombe.

Kwa hiyo sikuamini macho yangu nilipomkuta anasoma karatasi ya mapishi, miwani puani, kidole kikifuata mistari.

Karatasi hiyo ilikuja pamoja na sufuria. Muuguzi mmoja mgeni, aliyekuwa akiishi kwa masista, alipomaliza kazi yake mwezi wa tatu alimwachia Domitille sufuria yake ya umeme. Ni nzito ajabu. Ndani ina chungu cha udongo, juu kifuniko cha kioo, na kitufe chake kina sehemu mbili tu: polepole, na polepole zaidi. Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sijawahi kuona kifaa kinachotengenezwa kwa makusudi ili chakula kichelewe. Domitille mwenyewe aliiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma, ikawa pambo la sebuleni.

Ikakaa hapo mpaka mwezi wa kumi, Plamedie, binti yake, alipoingia na habari.

"Mama, Papa Sébastien iko Bunia. Alikuja kung'oa meno. Anasema dimanche, kisha misa, atapita hapa."

Domitille alikaa chini. Mimi nilikuwa nimekuja kuazima kisu, nikakaa chini pia.

Sébastien ni kaka mkubwa wa marehemu Vital, mume wa Domitille. Vital alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Niania, mtu wa mizaha na koti kubwa la kijani alilovaa kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Aliugua, akafa, sasa ni miaka saba. Walimzika kwao Bambu, katika ua wa Sébastien, kando ya wazazi wao. Siku ya kumaliza matanga, Sébastien alisimama mbele ya ukoo mzima, akasema, "Nyumba ya Bunia haina tena mwenyewe. Domitille na mutoto watarudi Bambu." Na Domitille, macho yamevimba kwa kulia, akajibu, "Mwenyewe ni miye."

Basi. Hawakusemezana tena. Na katika ukoo ule, ukigombana na mkubwa wako hukanyagi uani kwake mpaka yeye aje kwako mle pamoja. Kaburi la Vital liko ndani ya ua ule. Miaka saba Domitille hajaliona kaburi la mumewe. Kila Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakibeba maua na majembe kwenda makaburini, yeye huwasha mshumaa kwenye dirisha la upande wa Bambu, kisha anakuja kwangu kulalamika kwamba mishumaa ya siku hizi inaisha haraka.

"Akikula hapa, nitafika ku kaburi," aliniambia siku ile. "Akikataa, basi, imeisha."

Chakula cha kupatana kwao ni kuku, hakuna mjadala. Na ndani ya kuku kuna firigisi, na firigisi ni ya mkubwa. Kumpa mzee wa ukoo kuku asiye na firigisi ni kumwambia usoni kwamba humhesabu. Wanawake wa ukoo ule hawaigusi. Domitille ana miaka hamsini na mitatu, amepika kuku wasiohesabika, na hajawahi kuonja firigisi hata kwa ncha ya ulimi.

Shida ilikuwa meno. Plamedie alisema mzee amebakiwa na manne, na ufizi umevimba. Kuku wa Domitille naye alikuwa jike la miaka mingi, mwenye mapaja ya mkimbiaji. Hapo ndipo sufuria ikashushwa kabatini na karatasi ikafunguliwa: kuku na tambi, weka asubuhi, nenda kazini, rudi, chambua nyama itoke mifupani, tia tambi, kula.

"Mama Lionel, hii itamufaa. Itakuwa laini, hata mutoto mwenye hana meno anaweza kula."

"Tumia mbabula na makala kama watu wote," nikamwambia, nikimwonyesha jiko lake la makaa.

Hakunisikiliza, kama kawaida.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri umeme ulikuwepo. Alimweka kuku mzima ndani, pamoja na firigisi, shingo, maini, vitunguu, karoti, seleri na kitunguu saumu. Karatasi ilitaka pia supu nzito ya kopo, ya kule kwao muuguzi. Domitille alisema mji wenye ng'ombe kama huu hauhitaji kopo, atatia maziwa na unga kidogo mwishoni. Akaweka kitufe kwenye polepole.

Saa tatu umeme ukakatika.

Nakiri nilifurahi kidogo. Nilisimama mlangoni pake nikiwa nimevaa tayari kwa misa, nikasema, "Nilikuambia, mbabula." Alichomoa waya, akaizungushia sufuria blanketi mbili, akaona hazitoshi, akaingia chumbani akatoka na koti la kijani la Vital. Akaivisha sufuria koti lile, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akachukua kitabu chake cha nyimbo.

"Twende. Padri hatungojeake."

Tuliporudi saa sita alifungua vifungo taratibu. Mvuke ukatupiga usoni. Harufu ile, jamani! Nyama ilikuwa inaachana na mifupa yenyewe. Nikaenda mwenyewe kumtafutia uma, na yeye aliona.

Akachukua uma mbili, akaanza kuchambua. Alichambua kwa bidii ya mtu mwenye furaha, paja, kidari, mgongo, kila kilicholainika, nyuzi nyuzi. Mifupa ikaenda kwa mbwa. Maziwa na unga vikaingia. Tambi alizichemsha kwenye mbabula, jambo ambalo naomba likumbukwe, kisha akazimimina chunguni na kukoroga. Ikawa rojo nzuri ya manjano, nzito, inayong'aa.

Akaonja. Akatabasamu. Halafu uso ukamshuka.

"Mama Lionel. Gésier."

"Gésier gani?"

"Ya Muzee! Gésier ya kuku!"

Tuliitafuta hiyo firigisi. Tulizamisha mwiko, tukainua, tukachungulia. Firigisi kwenye makaa hubaki ngumu, unaijua tu ukiigusa. Lakini saa saba ndani ya joto la polepole zilikuwa zimeilainisha kama nyama nyingine yoyote, na Domitille, katika furaha yake, alikuwa ameichambua pamoja na vyote bila kutazama. Ilikuwa mle ndani. Ilikuwa kila mahali mle ndani.

"Karibu na soko wanauzaka gésier za frigo," nikasema. "Plamedie achukue pikipiki, dakika kumi."

Alifikiri. Niliona anafikiri kweli, maana alishika hata kibeti. Kisha akakiweka.

"Nipatane na ndugu ya Vital na gésier ya kuku ingine? Hapana."

Na pikipiki ikasimama nje.

Sébastien alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka. Shavu la kushoto limevimba, leso mkononi, kofia kichwani. Alitusalimu mmoja mmoja, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Plamedie akamnawisha mikono. Domitille akaleta chungu, akakiweka mezani, akafunua.

Mzee akachungulia. Akachukua mwiko, akakoroga mara moja, mara mbili. Alikuwa anatafuta paja, shingo, bawa, kitu chochote chenye sura ya kuku. Mwiko uliinuka na tambi.

"Kuku iko wapi?"

"Iko mule, Muzee. Nilitoa mifupa, sababu ya meno yako."

Akakoroga tena, safari hii mpaka chini.

"Na gésier?"

Mimi ningedanganya, nasema wazi. Ningesema mbwa, ningesema paka, ningesema kuku alizaliwa hivyo. Domitille alifuta mikono kwenye kitenge, akasimama wima.

"Muzee, gésier ilikuwa. Niliitia na mikono yangu. Ikakuwa laini sana, nikaichambua na nyama yote, sikuiona. Nilitaka ukule bila kuumia. Hapana kukuzarau. Kosa ni yangu."

Sébastien alitafakari chungu kile.

"Sasa iko mu sahani gani?"

"Hakuna mwenye anajua."

"Nikikula sahani moja, pengine sijaikula."

"Njo vile, Muzee."

"Na nyinyi mukikula, pengine munakula yangu."

"Njo vile."

Nilipiga hesabu. Chungu kile kinatosha watu sita. Ama mzee akimalize peke yake, na meno yake manne, ama ainuke aondoke. Plamedie alikuwa amefumba macho kabisa. Mimi nilianza kutazama chungu kwa huruma, maana ningelala na njaa kwa ajili ya firigisi isiyo yangu.

Mzee aligeuza kichwa. Kwenye kiti cha pembeni, juu ya blanketi, lilikuwepo koti la kijani, vifungo wazi, bado na mvuke.

"Ile koti si ya Vital?"

"Ni yake. Courant ilienda saa tatu. Njo ilituchungia moto."

Alinyoosha mkono, akalishika mkono wa koti. Lilikuwa na joto. Alilishika muda mrefu kidogo, kisha mabega yakaanza kutikisika, na sikujua ni nini mpaka akaweka leso kwenye shavu na kusema, "Aii, usinichekeshe, inauma." Alikuwa anacheka. Vital, alisema, maisha yake yote hakupika hata yai, sasa amekufa ndiyo anapika kuku.

"Pakua," akasema. "Kwa wote."

Domitille akapakua. Mzee akaonja, akafumba macho, akatafuna bila kukunja uso, akaonja tena. Plamedie akala. Mimi nilikula, tena haraka. Domitille peke yake aliiacha sahani mbele yake, mikono mapajani.

"Mama Plamedie, kula."

"Muzee, gésier inaweza kuwa mu sahani yangu."

"Ikiwa mule, ni yako." Alichota tambi kwanza, akameza, ndipo akaendelea bila kumtazama. "Mwenye nyumba njo anakulaka gésier."

Domitille alichukua kijiko. Machozi yalikuwa yanashuka bila kificho, yakaingia mle mle kwenye rojo, naye akala. Alikula mpaka mwisho, akasugua sahani kwa kijiko. Mimi nililia pia, na sitasingizia vitunguu. Miaka saba nimeuona ule mshumaa dirishani, na ulikuwa unaniumiza kuliko nilivyowahi kumwambia.

Saa tisa pikipiki ilirudi kumchukua. Sébastien alivaa kofia yake, akasimama mlangoni.

"Toussaint mukuje Bambu. Majani imepanda sana juu ya kaburi ya Vital. Peke yangu siiwezi tena."

"Tutakuja, Muzee."

"Na ile sufuria ulete."

"Muzee, kule hakuna courant."

Alikuwa ameshapanda pikipiki, leso shavuni.

"Makala iko," akasema. "Weye leta koti."