Kipaza Sauti cha Bi Kengele

Bi Kengele alikuwa msusi, lakini mtaa mzima ulimjua kwa koo lake. Siku moja alipiga ukelele uwanjani, refa akasimamisha mpira akidhani ukuta umeanguka. Yeye ndiye aliyeongoza mashabiki wa timu ya mtaa, na timu yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa ya kuhurumiwa. Wachezaji wa akiba walikaa pekupeku kwa sababu viatu vyao vilikuwa miguuni mwa wenzao.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kiwanda cha saruji, na vumbi lake halikuwa na adabu hata chembe. Liliingia bila hodi, likakaa kwenye sufuria, kwenye mito ya kulalia, kwenye vifua vya watu. Mteja wa Bi Kengele alisukwa nywele nyeusi tii, akafika getini kwake ana mvi. Mume wa Bi Kengele alibeba mifuko humo kiwandani mpaka kifua kikamgomea. Sasa alishinda kitandani anakohoa, na kusema maneno matatu mfululizo kwake ilikuwa safari. Majirani walichachamaa. Wakaenda getini na mabango, wakataka bomba la moshi lifungwe chujio la kunasa vumbi.

Meneja akawatokea na jezi.

Jezi mpya, za kijani, jina la kiwanda kifuani kubwa kama sinia! Viatu kila mtu na vyake. Kocha mwenye kitambi na miwani ya jua. Bi Kengele akakabidhiwa kipaza sauti cha mkononi, kipya, bado kimo kwenye nailoni. Basi hasira yote ikahamia kwenye ubishi wa nani akae golini. Waliokuja na mabango wakarudi na kofia, na ukimtajia mtu chujio anakuuliza kama ni winga mpya.

Binti wa Bi Kengele, mwalimu wa sekondari, alimpasulia ukweli. "Mama, mnachezewa akili mchana kweupe. Mtu jina lake limechafuka, ananunua timu, nyinyi mnashangilia, uchafu unasahaulika. Wataalamu wanaita kutakatisha jina kwa michezo. Hata serikali kubwa kubwa zinafanya."

"Litakate jina la nani na vumbi hili? Mimi shuka tu hazitakati," alisema Bi Kengele, akaendelea kukipangusa kipaza sauti chake.

Halafu ikatangazwa kwamba wakaguzi wa afya wangekuja Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa shule iliyopakana na uwanja, kusikiliza wakazi. Wakiridhika kwamba watu wanaumia, kiwanda kingelazimishwa kufunga chujio. Wasiporidhika, ndiyo basi tena. Mume akamshika mkono mkewe. "Utanisemea?"

"Nisipokusemea wewe nimsemee nani, baba?" alisema, na alimaanisha, maana alimpenda mzee wake yule.

Kesho yake kiwanda kikatangaza mechi ya kombe. Jumamosi hiyohiyo, saa ileile, kiingilio bure.

"Imegongana tu, bahati mbaya," alisema Bi Kengele.

"Bahati mbaya yenye meneja," alisema binti.

Jumamosi Bi Kengele alimkokota mumewe taratibu mpaka ukumbini, akamketisha mbele. Viti vilikuwa tele, watu hakuna. Alikuwapo binti, jirani mmoja asiyesikia vizuri, na mama mmoja aliyedhani ni kikao cha wazazi. Wakaguzi walikuwa bado wanakunywa chai. Huko uwanjani mashabiki wakaanza kuimba, wakakosea, wimbo ukawafia mdomoni. Bi Kengele akaona aibu kama vile wimbo ule ni ubwabwa alioupika yeye, ukaungua.

"Naenda kuwaanzishia tu, narudi sasa hivi."

"Mama!"

"Haki ya Mungu, sasa hivi!"

Loo! Alipofika, goli likaingia. Utaondokaje goli limeingia? Akawasha kipaza sauti, akapanda juu ya benchi na jezi yake ya kijani, akaachia wimbo alioutunga kwa kichwa chake mwenyewe.

"Pumzi yetu?"

"Kiwanda!"

"Uhai wetu?"

"Kiwanda!"

Likaingia la pili. Likaingia la tatu. Meneja akampungia mkono kutoka jukwaa la wageni, naye akaongeza sauti. Alikumbuka ukumbi pale kombe lilipoinuliwa, akashuka mbio, kipaza sauti bado mkononi.

Alimkuta mumewe nje kwenye ngazi, binti kando yake, macho mekundu.

"Wameondoka?"

"Wameondoka," alisema binti. "Mimi nilisema yote. Baba akasimama aseme, akashikwa na kikohozi, wakamsubiri. Ndipo ukaingia wimbo wako kwa madirisha yote, 'Pumzi yetu? Kiwanda!' Wakatazamana, wakacheka. Mkubwa wao akasema, mbona wakazi wenyewe wanakipenda hivi? Hakuna haja ya chujio."

"Mngewaambia basi wale ni mashabiki tu! Wamekodiwa, wametoka mbali, chochote!"

"Waliuliza, mama. Walimuuliza baba kama huyo mwanamke anayeongoza ni mtu wa hapa."

Bi Kengele akamgeukia mumewe. "Ukawajibuje?"

Mzee akavuta pumzi, akaikosa, akaivuta tena.

"Ni mke wangu."