Kilo za Mama

Siku niliyoshindwa kumwinua mama yangu ilikuwa asubuhi ya kawaida tu, na jua lilikuwa zuri. Mama alikuwa ametoka hospitali wiki hiyo. Alianguka akienda kuokota mayai nyuma ya bani letu la zamani la kukaushia tumbaku, nyonga ikavunjika, na daktari akatuambia kwamba ataishi lakini kutembea ni majaliwa. Mama hakulalamikia mguu. Alidai kitu kimoja tu, asilazwe ndani mchana. Alitaka kila siku atolewe nje, aketi kwenye kiti chake mlangoni, na awasalimie watu wanaokwenda shambani mmoja mmoja mpaka waishe.

Basi nikainama, nikapitisha mkono mmoja mgongoni mwake na mwingine chini ya magoti. Nikamwinua kidogo juu ya godoro. Tumbo langu likatangulia katikati yetu, mikono ikaishiwa nguvu, na nikamrudisha kitandani kabla sijamwangusha. Mama akanitazama usoni, kisha akatazama tumbo.

"Ng'wanawane," akasema, "mwanangu, huyu aliye mbele yako mtoe kwanza, halafu ndiyo uje unichukue mimi."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaja akashika upande wa miguu, tukamtoa mama sisi wawili kama watu wanaohamisha kabati. Mimi sikucheka. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa nakasirika, kwa hiyo nilimkasirikia kuku aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mama.

Lazima nieleze tumbo hilo lilikotoka. Ujana wangu niliumalizia Rwamgasa, kwenye machimbo ya Geita. Nilikuwa nabeba viroba vya mawe kutoka mdomoni mwa duara, shimo la kuchimbia dhahabu, hadi kwenye karasha yanakosagwa, kiroba begani na kingine mkononi, na nilikuwa nikipita watu wananipisha. Baadaye mimi na mwenzangu tukapata karasha letu wenyewe. Tangu hapo kazi yangu ikawa kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kusikiliza mashine, kula chipsi mayai na kunywa soda. Nilikaa hivyo miaka mingi. Niliporudi nyumbani Ushetu kumhudumia mama, tumbo lilishuka garini kabla yangu, na kijiji kizima kilinipongeza. Kwetu mtu akinenepa watu wanajua mambo yake yamekaa sawa na mke wake anajua kupika. Shangazi yangu alilipapasa tumbo hilo kwa mikono miwili na kumshukuru Mungu.

Lakini sasa lilikuwa linamfungia mama ndani. Mke wangu ana mgongo mbovu, na kila mara tulipombeba mama alilala na dawa ya kuchua. Siku akienda mnadani, mama alishinda chumbani akihesabu misumari ya bati. Ningeweza kumwita jirani, ila mama alisema hatabebwa na mwanamume ambaye hakumzaa, na mama akishasema amesema. Nilikuwa mwanawe wa pekee. Ikawa wazi kwamba au nipate mikono, au mama asilione jua.

Nikaamua kupunguza tumbo kwa hasira, maana ndivyo ninavyofanya kila kitu. Niliacha ugali ghafla, kabisa. Asubuhi maji ya ndimu, mchana mlenda, jioni mlenda tena na tango. Wiki ya pili tulikuwa msibani, na wanaume tukawekewa sinia la ugali na nyama kama kawaida. Kwetu mkishazunguka sinia moja hakuna anayeinuka kabla ya wenzake bila sababu inayoeleweka. Mimi nikamega mara mbili, nikanawa. Wazee wakaacha kutafuna. Mmoja akaniuliza kwa upole ninaumwa nini. Nikasema ninapunguza mwili. Walitazamana kama watu waliosikia kwamba nimeanza kula udongo.

Haikupita siku tatu, habari zikawa tayari zimeiva. Wa kwanza walisema karasha limekufa. Wengine walisema mawe ya dhahabu yamekwisha. Waliobaki walisema mke wangu ameacha kunipikia. Jirani mmoja, mama mtu mzima mwenye huruma, alikuja na ndoo ya unga wa muhogo ameifunika kwa kanga, akamkabidhi mke wangu bila kumtazama usoni, akasema, "Msongee baba wa watu."

Mke wangu aliingia na ile ndoo, akaitua miguuni mwangu.

"Tumbo ni lako," akasema, "matusi ni yangu. Tafuta njia nyingine."

Na kweli njia yenyewe ilikuwa haifai. Suruali zilianza kunilegea kweli, lakini mikono nayo ikawa inapungua. Nilipojaribu tena kumwinua mama, nilifika pale pale, nikaona nyota. Ndipo nikaenda zahanati.

Nesi wetu ni binti mdogo sana kwangu, na ulimi wake ni wa mama mkwe. Aliniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba, halafu akaanza kunigombeza.

"Mwili ukiunyima kila kitu hauchagui kula mafuta tu," akasema. "Unakula na nyama za mikono yako. Nani alikwambia ufunge?"

"Nataka vitu viwili," nikamwambia. "Tumbo litoke na mikono irudi, kwa pamoja. Inawezekana, au nichague kimoja?"

Akalipima tumbo langu kwa macho. Kisha akasema kwa mtu kama mimi inawezekana, kwa sababu nina akiba ya kutosha tumboni na misuli ilishawahi kuwepo, imelala tu. Ila haiji haraka na haiji kwa njaa. Nirudi kwenye ugali, wa ukubwa wa ngumi, si wa kichuguu. Soda niiage. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga mwili: choroko, maharage, dagaa, mayai, maziwa. Na ninyanyue kitu kizito siku tatu kwa wiki, niongeze kidogo kidogo, maana chakula bila kazi hakijui kiende wapi.

"Mwili haujengwi kwa matofali, baba," akamalizia, na msemo huo mimi nimeutumia maisha yangu yote kuombea nyongeza ya ugali.

Mizani yao ya watu wazima ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo nikaenda ghala la tumbaku. Mpimaji wa pale tulisoma naye. Akanipandisha kwenye mizani katikati ya marobota mawili na kusoma kilo tisini na sita kwa sauti ambayo hata wa nje waliisikia. Akaniambia ningekuwa tumbaku ningemjengea mkulima nyumba.

Tukaanza. Nilijaza mchanga kwenye kiroba, robo kwanza, nikawa nakiinua kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nyuma ya bani. Mke wangu alinipikia choroko za karanga na dagaa mpaka nikawa nanuka ziwa. Na mama, tangu aliposikia nesi amesema nini, akaingia kazini kuliko sisi sote.

Mama ana ng'ombe wake mmoja wa maziwa, na maziwa hayo mwenyewe ndiye anayeyagandisha kwenye kibuyu kando ya kitanda chake na kuamua nani anywe. Kila asubuhi nilipokwenda kumwamkia, nilikuta kikombe cha mgando kimefunikwa kwa kisahani, na juu ya kisahani yai la kuchemsha aliloagiza jikoni. Wakati mwingine mawili.

"Na wewe je, mayu?" nikamuuliza mama.

"Nimeshakunywa. Mayai mimi sikuyazoea. Kula wewe unayejenga."

Hilo la mayai halikunishangaza. Wanawake wa rika lake walikuzwa wakiambiwa kwamba yai si chakula cha mwanamke, na firigisi ni ya baba. Nilikua nikiona hivyo, sikuwahi kuuliza. Nikamenya yai, nikala mbele yake, na yeye akawa ananitazama ninavyotafuna kama zamani nikiwa mtoto. Nilijisikia vizuri sana kutazamwa vile, sitasema uongo.

Baada ya miezi mitatu nilirudi ghalani. Tisini na tatu. Nilishuka kwenye mizani nimenuna, nikaenda moja kwa moja kwa nesi kumwambia kwamba amenipotezea muda, dagaa zote zile kwa kilo tatu.

"Mkanda umerudi matundu mangapi?" akauliza.

"Manne."

"Na kiroba?"

"Sasa hivi kimejaa."

"Basi mafuta yametoka, nyama imeingia. Mizani inajumlisha tu, haijui kipi ni kipi."

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Asubuhi iliyofuata nikamwinua mama peke yangu, nikampitisha mlangoni, nikamketisha kwenye kiti chake. Mama akapiga kigelegele kidogo, kisha akaanza kuwaita wapita njia waje wamwone mwanawe. Nilijifanya naona haya. Siku hiyo alisalimia watu mpaka sauti ikakauka.

Tangu hapo nilimtoa kila asubuhi, na kila wiki alikuwa mwepesi zaidi. Nilijisifu mezani, nilijisifu mnadani. Nilimwambia mke wangu kwamba sasa namnyanyua mama kama mto wa kulalia. Mke wangu alikuwa anachambua choroko. Hakuinua kichwa.

"Bangili yake umeiona?" akauliza.

Mama ana bangili ya shaba aliyovishwa akiwa msichana. Miaka yote ilikuwa imekaza kwenye kifundo cha mkono, hata hospitali walishindwa kuivua.

"Ina nini?"

"Jana nilipomwogesha ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Si nguvu zako tu, na yeye amepungua."

Nilikasirika. Nilimwambia ananionea wivu, maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mkewe. Kisha nikatoka nje nikamtazama mama kwenye kiti chake. Nikaona kwamba shingo ya gauni ilikuwa imemwangukia begani. Nilikuwa nimembeba kila siku kifuani mwangu na sikuwa nimeiona.

Siku hiyohiyo nikakodi bajaji, nikampeleka ghalani. Hakuweza kusimama kwenye mizani, kwa hiyo nilipanda naye mikononi, kama wanavyofanya kina mama na watoto wasiotulia kliniki. Mpimaji akaandika kwa chaki. Nikamketisha mama juu ya robota, nikapanda peke yangu, akaandika tena. Mama alikuwa akitazama huku na huku, amefurahi kutoka.

"Haya, mimi ni tumbaku ya daraja gani?" akamuuliza mpimaji.

"Wewe la kwanza kabisa, bibi," akasema yule bwana, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Nilitoa ya pili kwenye ya kwanza. Thelathini na nane. Kadi ya hospitali niliyokuwa nayo mfukoni ilisema hamsini na moja.

Nikamrudisha kwenye bajaji. Tulipofika nikamketisha kitandani, nikavuta kigoda, nikamuuliza maziwa anakunywa saa ngapi. Akasema asubuhi. Nikamwambia mayu, niambie kweli. Akashika ile bangili, akawa anaipandisha na kuishusha.

"Ng'ombe amepunguza maziwa," akasema. "Yanatosha mtu mmoja. Na dagaa anazoniletea mkeo nampa paka, sina meno ya dagaa. Nakula ugali na mchuzi, nashiba. Wewe ndiye ulikuwa unatakiwa upate mikono."

"Mikono ya nini kama wewe unaisha?"

"Ya kunitoa nje," akasema, na akanishangaa, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

Nililia. Sikuona sababu ya kujizuia, alikuwa mama yangu na chumba kilikuwa chetu wawili. Mke wangu alikuja mlangoni, akaona, akaenda kuchemsha yai bila kuambiwa. Alilileta kwenye sahani moja tu. Nilimenya lile yai, nikalikata katikati kwa kidole, nikamwambia mama kwamba kuanzia leo sili nusu yangu kabla hajala yake, na nikidhoofika na kumwacha ndani shauri lake. Alijua ninavyoweza kukaidi, maana ukaidi wenyewe nilirithi kwake. Akaigeuza ile nusu vidoleni. Akaitia mdomoni, akatafuna taratibu upande wenye meno.

"Kumbe hivi ndivyo lilivyo," akasema. "Na mlikuwa mnatuambia halitufai."

Nesi alipokuja kumwona alisema habari ni ile ile aliyoniambia mimi, umri haubadilishi kitu. Ale vya kujenga, na misuli ipewe kazi. Sasa mama anasagiwa dagaa na karanga kwenye kinu, na maziwa mke wangu anamnywesha mwenyewe, amesimama pale mpaka kikombe kiishe. Mara mbili kwa siku namsimamisha akiwa ameshika nguzo ya mlango, anahesabu kwa Kisukuma mpaka kumi, siku akijisikia vizuri mpaka ishirini. Jioni tunakula sinia moja, mimi na yeye, ingawa kwetu wanaume hula kivyao. Majirani walilisema hilo nalo, wakachoka.

Bangili imeshuka tena, haijafika kifundoni lakini imeshuka. Leo asubuhi nilipomwinua nilijikuta nahema tulipofika mlangoni, na ikabidi niegemee fremu kidogo kabla ya kumketisha. Mama akaniuliza kama amenichosha. Nikamwambia bado, aendelee kula.