Picha Iliyozungushwa Kikaoni

Asubuhi ile nilitoka Mbinga na begi moja, nikasimama barabarani nikiamua kwamba gari la kwanza kusimama ndilo litakalojua niendako. Lingekuwa la Kitai, njia ya Songea, leo ningesimulia habari za huko. Ikasimama kirikuu iliyobeba mahindi kwenda Mbamba Bay, ziwani.

"Dada, unaenda wapi?" dereva aliuliza.

"Uendako."

"Mimi naenda kuoa."

"Basi nitakula pilau."

Alicheka, kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu kidogo. Nikageukia dirisha. Tangu picha zangu zisambazwe, kila anayenitazama vile namhesabu kuwa amekwisha kuziona.

Mwanamume niliyekuwa nikiishi naye ndiye aliyezituma, baada ya mimi kumwacha. Wazee wa pande zote mbili wakaitisha sengu, kikao chetu Wamatengo cha kula pamoja na kusuluhisha. Wazee wetu hawahukumu wasichokiona: mkigombea mpaka wa shamba, watapanda mlima mzima wakalione jiwe lenyewe. Ni desturi nzuri. Basi na siku ile mmoja akasema, "Tuone hicho kinacholalamikiwa." Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Shangazi peke yake aligeukia ukuta. Wakamkaripia yule bwana, akaomba radhi, tukala ugali sahani moja, wakasema yameisha.

Kwao yaliisha.

Shule niliiacha kidato cha pili, lakini udadisi haukuniacha. Nilimsumbua msaidizi wa sheria mpaka akanisomea vifungu na kunieleza. Nilichoelewa ni kwamba sheria inauliza kama picha ni chafu, haiulizi kama mwenye mwili aliridhia isambazwe. Mimi niliyejipiga picha hizo naweza kuogopa kizimba sawasawa na aliyenitangaza.

Tangu hapo nazunguka nikiomba watu tumwombe mbunge apeleke hoja: sheria iulize ridhaa, na ushahidi usizungushwe kama ugoro. Kila mahali mimi huanza, "Kuna dada mmoja…" Kigonsera, nje ya kanisa baada ya misa, mama mmoja alinikatiza: "Huyo dada hana mdomo? Mlete tumsikie!" Watu wakacheka, wakatawanyika. Nilibaki uwanjani peke yangu. Nani angemtetea mtu asiyekuwepo?

Mbamba Bay sikuwa na ninayemjua. Niliulizia malazi sokoni, nikaelekezwa kwa mama mwenye vyumba vya wageni nyuma ya chanja zake za usipa, dagaa wa kule. Nilimkuta akiwageuza juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kwa nani?"

"Sina mtu."

"Sasa umefuata nini?"

"Kuna dada mmoja" ikaja yenyewe mdomoni. Nikaimeza. Nikamwambia kwamba picha zangu za utupu zilisambazwa bila ridhaa yangu, kwamba natafuta sheria ya kumlinda aliyefanyiwa hivyo, na kwamba kesho naomba kusema na wanawake wanaoanika samaki. Nitasema ni mimi.

Mikono yake haikusimama.

"Watakucheka kwanza."

"Najua."

"Chumba ni kile cha mwisho. Mlango usukume kwa bega, umevimba."

Nikausukuma. Nilikaa kitandani, begi likiwa mapajani. Nje mama alikuwa keshaanza kumwita jirani, kwa Kinyasa ambacho sikielewi; kama ni kunicheka au kunikusanyia watu, ningejua kesho.