Hotuba Niliyowapa Watu Watatu

Nilisimama, nikanyoosha sketi, nikawaambia watu watatu waliokaa nyuma ya meza: mabibi na mabwana, itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, ni furaha yangu kubwa kusimama mbele yenu siku ya leo. Kwa Kiingereza, sauti juu, mkono mmoja hewani. Hiyo ilikuwa Kilimani, katika ofisi ya wenye jumba ambalo nimeosha ngazi zake miaka mingi. Nilikuwa nimeitwa kwa kazi ya supavaiza wa wasafishaji. Walichouliza ni kitu kidogo tu, nijieleze mimi ni nani.

Kijana wa katikati alijifunika mdomo kwa karatasi. Mama wa kando yake akaniambia polepole, kwa Kiswahili, "Keti tu, mama. Hapa si mkutano." Kisha akarudi kwenye Kiingereza: mpangaji akikujia analalamika maji yamepotea, utamwambia nini? Hao wapangaji nimewajibu kwa Kiswahili miaka yote. Siku hiyo nilitafuta kichwani nikapata wimbo wa kanisa na vitenzi vya jana. Kazi akapewa msichana aliyekuja juzi.

Shule niliachia darasa la tano, kwetu magharibi, baba alipofariki. Kwa hilo simlaumu mtu. Wa kulaumiwa wako hapa Nairobi, na wa kwanza ni madam wa Kileleshwa niliyemlelea watoto. Nyumba hiyo ilikuwa Kiingereza kitupu, kuanzia chai ya asubuhi hadi katuni za jioni, nami nikawa naokota. Siku moja nikamwambia mtoto avae viatu, kwa hicho Kiingereza changu cha kuokota. Madam akatokea jikoni.

"Auntie, wewe ongea Kiswahili tu. Usiniharibie watoto."

Watoto wakacheka, nami nikacheka nao, ningefanya nini? Tangu hapo nilikaa kando ya mto na sina ruhusa ya kuchota.

Wa pili ni mwalimu wa River Road. Darasa lake liko juu ya duka la misumari na rangi, na wanafunzi wake ni sisi: akina mama wa kazi za nyumba, mafundi, walinzi. Tulianza na nyimbo za kanisa kwa Kiingereza, tukaziimba hadi tukagawana sauti. Zikafuata nyakati za vitenzi, ninakula, nilikula, nitakula, na yeye anagonga meza. Halafu hotuba. Kila mmoja alikariri hotuba ya mgeni wa heshima, akasimama mbele, akapigiwa makofi ya kilo, yale ya pamoja kwa mpigo. Kuna fundi wa viatu ambaye kila Jumamosi, katika hotuba yake, alikuwa anafungua barabara mpya.

Nilimuuliza mara moja, "Na mtu akiniuliza kitu, mwalimu?"

"Mheshimiwa ameanza kuogopa waandishi wa habari," fundi wa viatu akasema, darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Mama, ukishashika hotuba, maswali ni kitu kidogo. Wewe umeiva. Nenda utafute kazi."

Nikaenda. Nilichopata nimekwisha kukisema.

Kutoka Kilimani nilipanda moja kwa moja hadi darasani kwake. Alikuwa na wapya, mama mmoja amesimama mbele anawashukuru wafadhili ambao hajawahi kuwaona. Nikamweleza mwalimu yaliyonipata. Akasema nilikosa kujiamini, akanionyesha mlango kwa kidole, kwa adabu, na darasa likaendelea kuimba.

Madam alininyima, lakini angalau hakunidanganya. Wewe mwalimu ulinidanganya. Kazi ile ingenitoa kwenye ndoo na magoti haya yanayouma. Sasa nijibu, na unijibu mbele ya hao unaowapigia meza leo: muda wote niliokaa kwako hukuniuliza swali hata moja ukangoja nikujibu. Ulijuaje kwamba nimeiva?